Tarishi na Masijala: Istilahi za Barua Pepe Nyumbani

Katika kuunda istilahi, dhana hupambanuliwa kwanza, neno hufuata. Kanuni hii hudhihirika mtu anapotaka kuchagua programu ya kuendeshea barua pepe katika nyumba yenye kompyuta tatu au nne zilizounganishwa. Huambiwa atafute "seva ya barua pepe". Lakini "seva" hubeba dhana tatu: mashine yenyewe, programu inayosafirisha barua, na programu inayozihifadhi. Asiyezipambanua huweka programu moja, kisha akadhani ni mbovu kwa kuwa haifanyi kazi ambayo haikuundiwa.

Hivyo basi, tunapendekeza maneno mawili yaliyozoeleka maofisini. Programu inayosafirisha barua iitwe "tarishi", kwani husoma anwani na kupeleka bahasha, wala si kazi yake kutunza majalada. Za aina hii ni Sendmail ya Eric Allman, iliyotolewa mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Exim ya Philip Hazel, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995. Na Postfix ya Wietse Venema, iliyotolewa mwaka 1998. Programu inayohifadhi iitwe "masijala". Mfano wake ni Dovecot ya Timo Sirainen, ya mwaka 2002. Kwa masijala, barua hukaa mahali pamoja, na mwenyewe huisoma kwa kompyuta yoyote ya nyumbani.

Upambanuzi huu huongoza uchaguzi. Masijala yaweza kuwekwa nyumbani bila taabu kubwa. Tarishi ndiye anayehitaji tahadhari. Kampuni nyingi za intaneti huwafungia wateja wa majumbani mlango namba 25, ambao matarishi hupelekeana barua kwa kuupitia. Aidha, wapokeaji wengi hukataa barua zitokazo moja kwa moja katika anwani za majumbani. Yafaa basi tarishi wa nyumbani aagizwe kukabidhi barua zote kwa tarishi wa kampuni, kwa kawaida kupitia mlango namba 587, akitoa nywila. Kwa kazi hiyo Postfix humfaa anayeanza kuliko Sendmail, kwa sababu maagizo yake makuu huandikwa katika faili moja kwa mistari inayosomeka.

Tena, tarishi asikubali bahasha za kila mpita njia. Akizikubali, wasambazaji wa barua taka watamtumia, anwani ya nyumba itaingizwa katika orodha za wanaokataliwa, na barua halali za familia zitarudishwa.

Huenda ikadaiwa kwamba tarishi ni mtu, si programu. Lakini tumekwisha kusema "kipanya" bila kumfikiria mnyama. Kisarufi, "tarishi" aendelee na upatanisho wa A-/WA-, na "masijala" ibaki katika ngeli ya I-/ZI-. Neno "seva" hatulitupi. Libaki jina la mashine peke yake. Hapo mnunuzi na fundi watajua wanazungumzia kitu gani kabla fedha haijatumika.