Moto Ulijenga, Kiwira Ukachonga

Picha za Arizona, Marekani, zimewazoesha wengi kudhani kwamba korongo na jangwa ni ndugu. Sivyo. Korongo huchimbwa na maji. Jangwa huliacha wazi tu, kwa kuwa halina majani ya kulifunika. Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, sehemu nyingi mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na kila ukingo umevikwa migomba, chai na miti. Mwamba upo, ila umejificha. Mwenye siku mbili za mwisho wa juma na gari zima, afuate mto Kiwira.

Kutoka Uyole barabara hupanda hadi Isongole, penye njia ya Ziwa Ngosi, kisha huteremka ubavuni mwa Mlima Rungwe, wenye urefu wa mita 2,960 hivi. Penye kingo zilizokatwa na wajenzi wa barabara, punguza mwendo. Ndani ya udongo mweusi utaona mkanda wa changarawe za rangi hafifu, nyepesi, zenye matundu. Hilo ni povu la volkano lililoganda. Mlima huu ulilirusha katika mlipuko mkubwa wa miaka 4,000 hivi iliyopita. Moto huo una sababu: hapa ndipo mikono mitatu ya Bonde la Ufa inapokutana, wa Rukwa, wa Usangu na wa Nyasa, na ardhi imepasuka vya kutosha kuipa magma njia.

Karibu na soko la Kiwira, chepuka uende Daraja la Mungu. Kwangu mimi, ukiwa na saa moja tu Rungwe, itumie hapa. Lava ya moto iliteremka bondeni, ikapoa, ikawa jiwe gumu la basalti. Lava ikipoa husinyaa na kupata nyufa. Maji ya Kiwira yalipenya chini yake, yakala sehemu laini, mchanga na kokoto za mto zikisaidia kusugua. Sehemu ngumu ya juu ikabaki, nayo ndiyo daraja. Simama ukingoni utazame unene wa jiwe lile, kisha utazame mto ulivyo mdogo chini yake: kazi yote ya kulitoboa ni yake.

Kijungu, jirani na chuo cha Magereza, ni kazi ya mto uleule kwa mbinu nyingine. Kokoto zilinaswa kwenye shimo dogo la mwamba, maji yakazizungusha bila kukoma, shimo likawa chungu ambamo mto mzima unazama kisha kutokea mbele. Mawe yake huteleza. Usisogee ukingoni hata kwa ajili ya picha.

Siku ya pili shuka hadi Ziwa Masoko. Ziwa lile la kasoko halikuchimbwa na mto: magma ilikutana na maji ya ardhini, yakageuka mvuke na kulipua shimo. Tope la chini yake limehifadhi kumbukumbu za mvua na ukame za zaidi ya miaka 40,000, na watafiti wamelitoboa kuzisoma.

Nenda kati ya Juni na Oktoba, njia zikiwa kavu, na umchukue mwenyeji akuongoze. Njiani okota changarawe moja ya ule mkanda, uitie kwenye ndoo ya maji. Itaelea.