Moshi Uingiao kwa Mlango wa Nyuma

Julai 2016, NHTSA, mamlaka inayosimamia usalama wa barabara kuu nchini Marekani, ilifungua jalada la uchunguzi kuhusu Ford Explorer. Ni gari la safu tatu za viti linalopendwa na familia za huko, na polisi wa miji mingi wanalitumia kwa doria. Malalamiko ya wamiliki yalikuwa 154 na yalifanana. Dereva anakanyaga mafuta ili apande mlima au aingie barabara kuu, kiyoyozi kimewekwa kizungushe hewa ya ndani, mara gari zima linanuka moshi. Wapo waliosema inanuka yai viza. Wapo waliolalamikia kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu.

Mwaka mmoja baadaye malalamiko yalishapita 2,700, yakiwamo ya ajali 3 na watu 41 waliodai kudhurika. Uchunguzi ukapandishwa ngazi, ukagusa magari kama milioni 1.33 ya matoleo ya 2011 hadi 2017. Mwezi huohuo jiji la Austin, Texas, liliyaondoa barabarani magari ya polisi ya aina hiyo karibu 400. Kisha, Januari 2023, jalada likafungwa. Malalamiko yalikuwa yamefika zaidi ya 6,500, lakini NHTSA haikuona kasoro ya kiusalama ya kumlazimisha mtengenezaji kuyaita magari yote.

Wengi waliishia hapo. Kwa muuzaji wa magari yaliyotumika, habari hiyo ni cheti cha usafi: serikali imechunguza kwa zaidi ya miaka sita, haijakuta tatizo. Lakini uamuzi huo una sehemu ya pili, na ndiyo inayomhusu mnunuzi. Magari ambayo vipimo vya gesi ya sumu vilizidi viwango vinavyokubalika yalikuwa ya makundi mawili: yaliyowahi kugongwa nyuma na ukarabati wake ukawa na walakini, na yaliyotobolewa bodi ili kufungwa vifaa vya ziada, kama taa na redio za polisi, bila matundu kuzibwa sawasawa. Kwa maneno mengine, lililosafishwa ni gari kama lilivyotoka kiwandani. Gari lililopita mikononi mwa watu watatu, likagongwa na kunyooshwa, halikusafishwa na mtu yeyote. Na Explorer zote za miaka hiyo sasa ni magari yaliyotumika.

Ili kuelewa kwa nini sehemu ya nyuma ndiyo yenye kesi, tufuate njia ya hewa. Feni inapovuta hewa ya nje na kuiingiza ndani, lazima hewa nyingine itoke, la sivyo milango ingekuwa migumu kufunga na vioo vingejaa ukungu. Kwa hiyo magari mengi yana matundu ya kutolea hewa sehemu ya nyuma, yamejificha ndani ya bampa, yakiwa na vipande vyepesi vya mpira vinavyofunguka kuelekea nje tu. Maadamu hewa safi inasukumwa ndani, shinikizo la ndani huwa juu kidogo na moshi haupati nafasi. Ukibonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, msukumo huo unakatika.

Hapo ndipo umbo la gari linapoleta balaa lake. SUV ina mgongo uliosimama wima. Ikikimbia, inaipasua hewa mbele na kuacha nyuma yake eneo lenye shinikizo dogo, ambako hewa hujizungusha badala ya kuondoka. Eksozi inatoa moshi palepale, nao unabaki ukilizingira buti. Kipande cha mpira kikiwa kimepinda au kimeng'oka, au kiungio cha bodi kikiwa na ufa, moshi unaingia kwa njia iliyotengenezwa ili hewa itoke. Wanaoupata kwanza ni walioketi safu ya mwisho, na kwa familia nyingi hao ni watoto.

Kuhusu harufu, madereva na wataalamu walikuwa wakizungumza mambo mawili tofauti. Yai viza ni harufu ya salfa. Petroli huwa na salfa kidogo, na injini ikilazimishwa sana hupewa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, kwa hiyo salfa hutoka katika umbo linalonuka. Harufu hiyo inakera, ila si lazima iwe imefika kiwango cha kudhuru. Gesi inayoua ni kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ndiyo ileile inayoua watu usingizini walioingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na kwa mtu anayevuta hewa ya kawaida, huchukua muda wa saa nne au tano kupungua kwa nusu.

Kwa hiyo yupo atakayesema mwenye gari analalamikia kitu kisichodhuru. Sikubaliani naye. Hali ileile inayozalisha harufu ya salfa, yaani injini iliyokanyagwa hadi mwisho, ndiyo inayozalisha kaboni monoksaidi kwa wingi, kwa sababu mafuta yanakosa hewa ya kuungulia. NHTSA yenyewe ilipata vipimo vya juu zaidi gari likikanyagwa kwa nguvu zote huku hewa ikizungushwa ndani. Harufu haithibitishi sumu. Inathibitisha kwamba njia ya moshi kuingia ipo, na kwamba kiasi kitakachoingia kesho kinategemea hali ya injini, ya eksozi na ya bodi. Mwenye gari aliyeandika kwamba gari lake linanuka alikuwa anatoa taarifa ya kweli kabisa.

Oktoba 2017 Ford ilitangaza huduma ya bure kwa wamiliki wa matoleo hayo: kuziba mianya ya nyuma na kubadilisha programu ya kiyoyozi ili kiingize hewa ya nje zaidi gari linapokanyagwa. Kwa magari ya polisi iliahidi kugharimia matengenezo bila kujali umri wa gari wala vifaa vilivyoongezwa. Lakini ile huduma ya wamiliki wa kawaida ilikuwa hiari yenye ukomo. Asiyelipeleka gari, gari lake lilibaki vilevile, na huenda leo limeegeshwa kwenye yadi likisubiri mteja. Ndugu zetu walioko Marekani wanaotafuta SUV ya bei nafuu, hasa zile za polisi zinazouzwa kwa mnada, wadai risiti ya kazi hiyo. Neno la muuzaji halitoshi.

Huku kwetu Explorer ni chache. Sisi tunaendesha Harrier, Prado, X-Trail na RAV4 kutoka Japani, na kanuni za hewa ni zilezile. Sisi tumeongeza jambo la kwetu: kung'oa masega. Masega ndiyo yanayoigeuza kaboni monoksaidi kabla haijatoka, na yakiwa mazima na ya moto huondoa zaidi ya asilimia 90 yake. Yana madini ya thamani ndani, kwa hiyo yana soko. Mwenye gari anaambiwa yameziba, yanakata nguvu, anakatiwa, na bomba tupu linachomelewa mahali pake. Nalisema bila kusita: kazi hiyo ni kuwaweka abiria hatarini, hasa kwenye gari lililokwishanyooshwa nyuma. Chomelea ikiachia chini ya sakafu, kinachopanda juu ni moshi mbichi.

Anayekagua gari la kununua aende asubuhi na aombe injini isiwashwe kabla hajafika. Manifoldi ya eksozi ikiwa na ufa hutoa mlio wa ti-ti-ti injini ikiwa baridi, kisha chuma kikipata moto hutanuka na mlio hupotea. Muuzaji anayekupokea gari likiwa tayari linanguruma amekunyima kipimo hicho, kwa kujua au kutojua. Nyufa za aina hiyo zilikutwa kwenye Explorer za polisi, na NHTSA ilieleza kwamba ni vigumu kuzigundua.

Baadaye nenda nyuma. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, bandua plastiki za pembeni. Mtu mmoja ajifungie ndani gizani na mwenzake amulike tochi kutoka chini na nyuma ya bampa. Mwanga ukipenya, moshi utapenya. Tazama gundi ya viungio vya bodi: ya kiwandani ina mstari ulionyooka na unaofanana pande zote mbili, ya gereji huwa imepakwa kwa kidole. Masizi meusi kwenye maungio ya bomba yanaonyesha panapovuja.

Kipimo cha uhakika ni mita ya kaboni monoksaidi inayoonyesha tarakimu kuanzia viwango vidogo. Kengele zinazouzwa kwa ajili ya nyumba hazifai kwa kazi hii. Kwa kiwango cha Marekani, penye sehemu 70 za gesi hiyo katika kila milioni ya hewa, kengele inaweza kukaa kimya hadi muda wa saa nne kabla ya kulia, ilhali kikomo cha nchi hiyo kwa hewa ya nje ni 35 kwa saa moja na 9 kwa saa nane. Weka mita kwenye kiti cha nyuma, funga vioo, zungusha hewa ya ndani, panda mlima ukikanyaga mafuta, msaidizi asome tarakimu. Zikipanda, fungua vioo vya mbele, weka kiyoyozi kivute hewa ya nje, na gari lisibebe watu hadi fundi alione. Kufungua mlango wa buti pekee ni kosa, maana unazidi kuuvuta moshi ndani.

Na aliyeumwa kichwa safarini akapelekwa hospitali, amwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa ndani ya gari linalonuka moshi. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi, kwa hiyo kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliyekwishapata sumu. Kinachotakiwa ni kipimo maalumu cha damu, kifanywe mapema, na oksijeni isisubiri majibu. Mama mjamzito asiachwe arudi nyumbani kwa sababu tu amepata nafuu, kwani mtoto tumboni huikusanya gesi hiyo kuliko mama na hukawia kuitoa.