Waya mfupi waweza kuokoa mashua

Mvuvi wa mwambao wa Afrika Mashariki hutumia mtaji mkubwa kununua mashua, injini na nyavu. Lakini mashua ikishatia nanga, usalama wa mali hiyo yote hutegemea pini ya pingu ya chuma inayounganisha nanga na mnyororo.

Pini hiyo hukazwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Mashua inapoyumbishwa na upepo wa kusi, maji yakipwa na kujaa, mnyororo hujipinda na pini huweza kulegea kidogo kidogo hadi ichomoke. Nanga hubaki chini, mashua ikachukuliwa hadi mwambani.

Kinga yake ni rahisi. Pini ikazwe kwa spana, kisha waya upitishwe kwenye tundu la kichwa chake, uzungushwe mara mbili au tatu kwenye ubavu wa pingu na kusokotwa kwa plaizi. Pingu iliyopakwa zinki ifungwe kwa waya uliopakwa zinki. Ukitumika waya wa chuma kisichoshika kutu, maji ya chumvi huila zinki haraka.

Waya ukaguliwe kila nanga inapong'olewa, na ubadilishwe ukianza kutu. Bei yake ni ndogo. Mashua ikipotea, mvuvi hubaki na deni bila chombo cha kulilipia.