Hospitali Iwe na Pumuzi



Mutu anaingia hospitali juu ya kupona. Lakini iko hospitali ambamo mutu anaingia na mguu uliovunjika, kisha miezi inapita, anaanza kukohoa damu. Kosa si ya munganga, wala ya dawa. Mara nyingi ni kosa ya nyumba. Tunaandika habari hii kwa sababu katika inchi yetu hospitali nyingi na vituo vya afya vingi ni vya makanisa, na plani yake inaamuliwa katika komite ya wakristo pamoja na masoni, pasipo mutu aliyesomea hiyo kazi. Kesho wanafunzi wa leo watakaa katika komite hizo.

Tuanze na jambo lililotokea Afrika ya Kusini. Pale Tugela Ferry, katika jimbo la KwaZulu-Natal, iko hospitali iliyoanzishwa na wamisionere wa Kanisa la Scotland, Waprotestanti kama sisi. Mwaka wa 2005 na 2006 wanganga walipima makohozi wakakuta wagonjwa 53 wenye kifua kikuu cha namna ambayo karibu dawa zote zilishindwa. Wagonjwa 52 kati yao walikufa. Kuhesabu tangu siku ya kutoa makohozi, nusu yao hawakupitisha siku 16 hivi. Ni kweli miili yao ilikuwa zaifu, maana wote waliopimwa virusi vya sida walikuwa navyo. Lakini walipochunguza zile mikrobe, waliona kwamba kwa wagonjwa walio wengi zilikuwa za ukoo mumoja, na wengi wao walikuwa wamelala hospitali muda mufupi mbele. Maana yake, waliambukizana. Na pahali pa kuambukizana ilikuwa pale pale walipokuja kutafuta uzima.

Namna gani? Mugonjwa akikohoa, anatoa matone madogo sana. Yale makubwa yanaanguka chini. Yale madogo yanakauka, na mikrobe inabaki ikielea katika hewa kwa masaa, hata mwenyewe akiisha kutoka. Unaweza kupiga deki asubuhi na mangaribi, sakafu ikangaa kama kioo: hewa haipigwi deki. Hewa inafukuzwa tu, ingine iingie pahali pake.

Sasa wale wanaopenda hesabu washike kalamu. Tuseme chumba cha wagonjwa kina urefu wa metre 10, upana wa metre 6, na kwenda juu metre 3.5. Ndani munaenea metre kube 210 za hewa. Madirisha ya upande mumoja yamefunguka metre kare 2 kwa jumla, na upande wa pili vilevile. Upepo mudogo unapita, nusu metre kwa segonde, ni kusema polepole kuliko mutu anayetembea. Kwa segonde moja inaingia metre kube 1, kwa saa moja 3,600. Gawanya kwa 210: hewa yote ya chumba inabadilishwa mara 17 kwa saa. Mashini za hospitali kubwa za Ulaya, katika chumba cha mugonjwa wa kifua kikuu, zinatafuta mara 12. Lakini uangalie vizuri: kama madirisha iko upande mumoja tu, hiyo hesabu inakufa, maana upepo unaoingia hauna mulango wa kutokea. Na kama fundi anaweka yale madirisha ya vioo ya kusukuma, ambayo nusu yake inabaki imefungwa siku zote, mara 17 inakuwa 8 na kidogo.

Mambo haya si ya karatasi tu. Katika muji wa Lima, inchi ya Peru, watu wa sayansi walipima hewa katika hospitali 8, wakatoa matokeo yao mwaka wa 2007. Vyumba vilivyofungwa, vyenye mashini ya kuleta hewa, vilikuwa vinabadilisha hewa mara 12 kwa saa. Vyumba vya kufungua madirisha tu vilifika mara 28. Na vile vya zamani, vilivyojengwa mbele ya 1950, vyenye plafo ya juu na madirisha makubwa, vilifika mara 40! Nyumba mupya zenye kusifiwa zilishindwa na nyumba za babu. Si ajabu. Wale wa zamani hawakuwa na dawa za kuua mikrobe, ilibidi wategemee upepo. Florence Nightingale, yule muuguzi Mwingereza, aliandika kitabu juu ya hospitali katika mwaka wa 1859, akitaka vyumba virefu vyenye madirisha pande mbili. Dawa zilipokuja, watu wakasahau dirisha.

Kuna waliokumbuka, tena karibu na sisi. Katika Rwanda, wilaya ya Burera, chini ya milima ya volkano, hospitali ya Butaro ilifunguliwa mwaka wa 2011. Wenye kuchora plani yake waliyajua mambo ya Tugela Ferry. Jambo la kwanza walilofanya ni kuondoa ile njia ya katikati, ambamo wagonjwa wote wanapita na kungoja bega kwa bega, mwenye kukohoa pamoja na mama mwenye mutoto muchanga. Walipeleka njia hiyo inje, kwenye baraza. Vitanda vinapata kaukuta katikati ya chumba, hivi kila mugonjwa anatazama dirisha na milima, hatazami uso wa mwenzake. Juu kunazunguka panga kubwa za upepo, polepole, zikipandisha hewa kufika kwenye taa za namna ya pekee zinazoua mikrobe. Na kuta zimejengwa na mawe meusi ya volkano, yale yale ambayo walimaji wanayatupa pembeni ya shamba, yakachongwa na masoni wa pale pale. Hivi franga za kazi zilibaki katika vijiji.

Mutu atasema: na mbu? Ana haki. Wavu wa mbu kwenye dirisha unapunguza upepo, basi dirisha lazima liongezwe ukubwa. Na baridi ya usiku ya milimani? Hapo wagonjwa wenyewe watafunga madirisha, hata ukiandika amri ukutani. Ni vizuri kuacha matundu ya hewa juu, karibu na paa, yasiyofungika. Mimi naona tundu lisilofungika linashinda mashini inayongoja mazutu ya grupe.

Jua nalo lina neno lake. Dokta Albert Schweitzer, pasta na munganga, alipojenga hospitali yake mupya ya Lambaréné kule Gabon, tangu mwaka wa 1925, alilaza majengo yake marefu mashariki kwa magharibi. Lambaréné iko karibu sana na ikweta, kama Butembo na Kisangani. Jua linapanda, linapita juu ya paa, linashuka: linapiga tu kuta mbili fupi za mwisho, na kuta ndefu zinabaki katika kivuli. Kwa ndugu zetu wa Lubumbashi, jua la mwezi wa sita linainama upande wa kaskazini, basi paa ya upande ule izidi kutoka inje. Hiyo haiombi hata franga moja, inaomba tu kuamua mbele ya kuchimba musingi.

Inabaki maji. Mwaka wa 1976, pale Yambuku, katika Équateur, ugonjwa wa Ebola ulitokea mara ya kwanza katika inchi yetu: watu 318 waliugua, 280 wakafa. Katika hospitali ile, kila asubuhi wauguzi walipewa seringi tano tu. Kati ya mugonjwa na mugonjwa ziliosheshwa tu katika maji ya moto kidogo. Wafanyakazi walikuwa 17, wakafa 11, hospitali ikafungwa. Leo seringi zinatupwa kiisha kutumiwa mara moja, lakini makasi na visu vya kupasulia vingali vinachemshwa, na kuchemsha kunaomba maji na moto kila siku. Hata hivyo, chumba cha kuchemshia kinawekwa mara nyingi pembeni, kama stoo, na bomba linafika huko mwisho, kama linafika.

Pahali ambapo bomba haliko, paa yenyewe ni kisima. Paa yenye metre 20 kwa 8 ni metre kare 160, na mvua ya milimetre 10 inaipa litre 1,600, ukiondoa kidogo inayopotea. Basi tangi lichorwe katika plani siku moja na paa, karibu na chumba cha kuchemshia, na shimo la choo likae mbali, upande wa chini.