Ukanda wa Pua: Manufaa Yake na Madhara Yake

Wengi wapitao kila siku katika barabara ya Race Course, karibu na Kariokor, huenda hawajui sababu ya jina hilo. Ni ukumbusho wa uwanja wa mashindano ya farasi uliokuwapo upande huo wa mji mpaka mwaka 1954, mashindano yalipohamishiwa barabara ya Ngong. Siku hizi farasi ni nadra kuonekana Eastlands, lakini punda wapo, nao huvuta mikokoteni ya maji na mizigo huko Dandora na Kayole. Farasi wa mashindano na punda wa maji hawalingani kwa bei, walakini wote wawili huvalishwa ukanda au kamba ipitayo juu ya pua. Yafaa kila mwenye mnyama ajue manufaa ya kitu hicho na madhara yake.

Katika hatamu ya farasi, ukanda wa pua huzuia taya zisiachane kupita kiasi, na husaidia lijamu itulie kinywani. Ukifungwa kwa kadiri, mnyama aweza kumeza mate, kulamba na kutafuna. Ubaya huanza mtu anapoukaza mpaka taya zisisogee. Wapandaji wengine hufanya hivyo kwa kuwa farasi afunguaye kinywa mashindanoni huweza kupunguziwa alama. Lakini mnyama hafungui kinywa bure: pengine ana jino bovu, pengine lijamu yamwumiza, pengine mkono ushikao hatamu ni mzito. Kumkaza ni kumziba mgonjwa kinywa asilie, na ugonjwa kuuacha palepale.

Kanuni ya tangu zamani yasema kwamba vidole viwili vya mtu mzima viweze kupita kati ya ukanda na mfupa wa pua. Wataalamu waliwapima farasi 750 wa mashindano katika Ireland, Uingereza na Ubelgiji, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Farasi 7 tu katika kila 100 walikuwa wamefungwa kwa kanuni hiyo, na 44 katika kila 100 walikuwa wamekazwa hata kidole kimoja kisipite. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi likaanza kutumia kipimo rasmi, ili hukumu isitegemee unene wa vidole vya mtu.

Sasa tuje kwa punda. Yeye, kama farasi, hupumua kwa pua peke yake. Kamba ikiteremka mpaka sehemu laini iliyo juu ya matundu ya pua, humpunguzia pumzi wakati ule ule anapovuta mzigo. Kamba nyembamba nayo hukata ngozi. Tena punda huficha maumivu yake, hata mwenyewe akadhani hana neno. Watu husema punda afe, mzigo ufike. Lakini mzigo wa kesho utafikishwa na nani? Punda mwenye kidonda usoni hula kwa shida na hukonda, na karo ya watoto hutoka katika nguvu zake.

Basi, mwenye punda na afanye haya. Kwanza, atumie ukanda mpana ulio laini, wala si waya au kamba nyembamba. Pili, aufunge juu ya mfupa, mbali na matundu ya pua. Tatu, apime kwa vidole viwili mbele ya pua, si pembeni penye nyama laini. Nne, kila jioni aufungue na kutazama kama manyoya yamenyonyoka au ngozi imechubuka.

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, yakataza kumtesa mnyama pasipo lazima. Lakini askari hawezi kusimama kando ya kila mkokoteni. Anayeufunga ukanda asubuhi ndiye mlinzi wa kwanza wa mnyama wake, na kupima kwa vidole viwili hakumgharimu hata senti moja.