Kiti cha plastiki: miguu iliyowasumbua wabunifu karibu miaka 20

Msikilizaji, kile kiti cha plastiki unachokalia msibani au harusini, kinachoshushwa kwenye gari kikiwa kimepangwa juu ya vingine kumi, hakina skrubu hata moja. Hakina gundi wala msumari. Kimetoka kwenye mashine kikiwa kizima. Utaona ni jambo dogo, lakini wabunifu wakubwa wa Marekani na Ulaya walihangaika nalo karibu miaka 20, na kilichowakwamisha ni miguu.

Mwaka 1948 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York liliitisha shindano la kubuni samani za bei nafuu. Walioingia walikuwamo Charles Eames na mkewe Ray, wa California. Mwanzoni kiti chao kilikuwa cha bati. Kikaonekana ghali, wakahamia kwenye plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, aina iliyotumika wakati wa Vita Kuu ya Pili kufunika rada za ndege. Kiliingia sokoni mwaka 1950, sehemu ya kukalia na ya kuegemea zikiwa kipande kimoja kama bakuli. Miguu ilibaki ya chuma.

Bakuli lina nguvu kwa sababu limepinda kila upande, kwa hiyo uzito wa mtu unasambaa. Mguu ni mwembamba, na pale unapoungana na kiti ndipo mzigo unapojikusanya, hasa mtu akiegemea nyuma na kubaki kwenye miguu miwili. Eero Saarinen, rafiki yao, alikuja na kiti cha mguu mmoja mfano wa bilauri ya mvinyo. Ukikitazama utaapa ni kipande kimoja, kumbe mguu ni aluminiamu iliyopakwa rangi!

Mwaka 1954, huko Milano, Italia, mwanakemia Giulio Natta alipata plastiki mpya, polipropilini. Mwaka 1963 yeye na Mjerumani Karl Ziegler wakapewa Tuzo ya Nobel. Ni nyepesi, inavumilia kupindwa, tena inayeyuka kwa joto. Mwaka huohuo Mwingereza Robin Day alitoa kiti cha plastiki hiyo kupitia kampuni ya Hille. Chembechembe ndogo kama mchele huingizwa kwenye mashine, huyeyushwa kwa joto linalopita nyuzi 200, husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, zikipoa kalibu inafunguliwa. Kalibu moja ni gharama kubwa sana, hivyo hailipi mpaka utoe viti kwa maelfu. Na kweli vilitoka kwa mamilioni: vilifika kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na Botswana vikafungwa ndani ya mitumbwi. Miguu? Bado chuma.

Mdenmark Verner Panton aliamua kuikwepa miguu kabisa. Kiti chake cha mwaka 1967 ni umbo moja lililopinda kama herufi S. Joe Colombo, wa Italia, alitengeneza miguu ya plastiki ya kuchomeka, unayoweza kuibadilisha ukitaka kiti kirefu au kifupi. Mwenzake Vico Magistretti, kwa kiti kilichotoka mwaka 1969, ndiye ninayemvulia kofia. Hakuongeza unene wa mguu, aliukunja.

Jaribu mwenyewe. Simamisha karatasi wima mezani, itaanguka. Ikunje katikati, itasimama. Sasa pindua kiti chako cha plastiki utazame mguu kwa ndani: hauna ujazo, umekunjwa kama mfereji wa bati unaokinga maji ya mvua. Mkunjo huohuo ndio unaowezesha kiti kimoja kuingia juu ya kingine.

Mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet alitoa kiti chenye mikono na miguu minne, chote kwa mkupuo mmoja, kwa muda usiofika dakika mbili. Mwaka uliofuata mafuta yalipanda bei duniani, na kwa kuwa plastiki hutokana na mafuta, samani za plastiki za wabunifu zikapoteza soko. Mtindo wa kina Massonnet ulibaki kwa sababu ya urahisi wake. Viwanda vingine vikaiga, vikapunguza unene, na ndicho tulichonacho chini ya maturubai yetu. Wabunifu walisema wanataka kiti cha watu wote. Kilichowafikia watu wote hakina jina la mbunifu.

Kilikuja pia na udhaifu ambao hata Panton aliuonja. Mwaka 1971 kiti chake kilibadilishiwa plastiki iliyo nafuu zaidi. Kikaanza kuchakaa na kuvunjika, uzalishaji ukasimamishwa mwaka 1979. Kwetu adui ni jua. Mionzi yake hukata minyororo midogo inayoishikilia plastiki, na viwanda vingine huchanganya unga wa chokaa mwingi kupunguza gharama, kiti kikawa kikavu mapema.

Kwa hiyo unapokodi viti, pitisha kidole juu ya mguu wa nyuma, pale unapoungana na kiti. Kidole kikitoka na unga mweupe, au ukiona nyufa ndogo kama nywele, kiti hicho usimpe mzee wa ukoo. Kitafaa kuwekea ndoo ya maji ya kunawa.