Nukta Tatu Juu ya Chungwa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulibaki kwenye bapa: nukta mbili hupitiwa na mstari mnyoofu mmoja, na nukta tano zilizotupwa bila hila hupitiwa na mpindo mmoja tu wa digrii 2. Leo chukua chungwa na kalamu. Tia alama tatu popote kwenye ganda. Je, kisu kinaweza kulikata chungwa mara moja tu, makali yake yakapita kwenye alama zote tatu? Kinaweza, tena daima, kwa sababu nukta tatu hushika bapa, ndiyo maana kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mashimo. Njia ya kisu juu ya ganda ni duara, na duara lina digrii 2 (hii si ile ya chuo kikuu): bapa jingine likilikata, hukutana nalo penye nukta mbili, si zaidi.

Basi juu ya tufe, nukta tatu zozote huunganishwa na mpindo wa digrii 2 usiotoka nje ya tufe lenyewe. Ni maumbo gani mengine yana sifa hiyo?

Hakuna mengi. Chukua uso wowote wenye sifa hiyo, hata kama umetanda katika nafasi ya vipimo mia. Shika nukta A, pamoja na bapa linalougusa uso hapo A. Kisha shika nukta B. Bapa hilo na B hujenga nafasi ya vipimo vitatu. Sasa nukta ya tatu, C, ichague wewe. Mpindo unaopita A, B na C umelala juu ya bapa lake, na bapa hilo linashikwa na mstari unaougusa mpindo pale A, pamoja na B. Vyote viwili tayari vimo katika nafasi yetu. Kwa hiyo na C imo. Kwa kuwa C ilikuwa yoyote, uso mzima umo humo, na vipimo mia vilikuwa vya bure. Ukiliacha bapa lenyewe, wanaobaki ni ndugu wa tufe, wenye mlinganyo wa digrii 2.

Tukilegeza sharti tukadai nukta mbili tu, uso hupata pa kupumua. Mwitaliano Giuseppe Veronese (1854–1917) ameacha jina lake kwenye uso ambao kila nukta (x, y) ya bapa hupelekwa kwenye namba tano: x, y, x², xy, y². Mstari mnyoofu wa bapa hugeuka huko kuwa mpindo wa digrii 2, na kwa hiyo nukta mbili zozote huunganika. Vipimo vitano ndiyo kikomo. Umbo la vipimo m hukomea kwenye nafasi ya vipimo m(m+3)/2.

Utamu zaidi uko kwenye nukta tatu na mipindo ya digrii 3. Kikomo hapo ni vipimo 2m+1. Luc Pirio na Francesco Russo walionyesha kwamba, ukiacha ukoo mdogo wa maumbo yaliyosukwa kwa mabapa, kila umbo linalofika kikomo hicho huzaliwa na aljebra ya Jordan ya cheo cha 3. Aljebra hizo hazikutafutwa na wanajiometri hata kidogo! Mwaka 1934 Pascual Jordan, John von Neumann na Eugene Wigner walikuwa wakisaka hesabu mpya ya kubebea fizikia ya kwanta. Mojawapo, yenye vipimo 27, iliwasumbua. Mwaka huohuo Adrian Albert alithibitisha kuwa haiwezi kutolewa katika kuzidisha kwa kawaida kwa namna yoyote ile. Wanafizikia hawakupata walichotaka kwayo. Katika jiometri, inazaa umbo la vipimo 27 lililotanda katika nafasi ya vipimo 55.

Wiki ijayo tutaanza na mdogo wake, wa vipimo vitatu katika saba, ambaye hutengenezwa kwa mistari mitatu ya kawaida.